Waliobaki nao wana nyumba

Hotuba kwa vijana waliomaliza mafunzo ya kutembeza wageni, Mjini Unguja

Mgeni rasmi, walimu wa mafunzo haya, masheha mliofika, wazazi, na nyinyi vijana wangu mnaopokea vyeti leo: Assalamu alaykum, na habari zenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie vivutio vipya vya mji wetu: makumbusho yaliyofunguliwa miaka ya karibuni, na maonyesho ya kisasa ambayo mgeni hasimuliwi tu jambo, bali anatiwa ndani yake akalisikia na kuligusa. Nitayazungumzia. Lakini nimekuja na ombi pia, na sitaki mlisubiri hadi mwisho. Nataka makumbusho yajayo ya mji huu yafunguliwe ng'ambo ya Barabara ya Benjamin Mkapa, upande ambao wengi wenu ndiko mlikoamkia asubuhi ya leo. Mengine yote nitakayoyasema ni sababu za ombi hilo.

Tuanze na tulichokipoteza. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la pale Forodhani, ilijengwa mwaka 1883, zama za Sultani Sayyid Barghash, na ndiyo nyumba ya kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme. Ilipigwa mizinga na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikumaliza hata saa nzima, na ikabaki imesimama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafanywa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao. Mwaka 2012 sehemu ya baraza zake ikaanguka, milango ikafungwa. Kisha, tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa katika matengenezo yaliyofadhiliwa na Oman, sehemu kubwa ya upande wa mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kila mnapompitisha mgeni pale Forodhani na kumwonyesha mabati ya ujenzi, msiishie kwenye kutaja saa na umeme. Watajeni na wale wawili.

Wengi wenu mlikuwa wadogo jumba lilipofungwa, kwa hiyo huenda hamkuwahi kuuona mtepe uliokuwa katikati ya ukumbi. Chombo kizima kilichoundwa mwaka 2003 kwa ufundi wa wazee, bila msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi. Ukisogea karibu uliona tundu dogo kwenye ukingo wa ubao, kamba imepita, kisha tundu limezibwa kwa kigingi cha mti ili maji yasipenye. Ukifuata kwa kidole kutoka tundu hadi tundu, ulielewa kazi ya mikono iliyokuwemo kabla hujasoma bango lolote. Watoto wa shule walikuwa wakiinama chini ya tumbo la chombo kutazama mishono. Hakukuwa na skrini wala sauti iliyotegwa darini. Mtoto alisimama chini ya kitu halisi, kwa ukubwa wake halisi, na mtu aliyejua akawa karibu kumjibu. Hapo ndipo ninapopimia maonyesho yote ninayoyaona tangu siku hizo.

Sasa, wakati jumba kubwa limefungwa, mji ulizaa makumbusho madogo. La kwanza ninalotaka mlijue vizuri ni lile la Sayyida Salme, lililofunguliwa mwaka 2015 pale Hurumzi. Vyumba ni vichache, na ndiyo sifa yake: unatoka umemjua mtu mmoja. Salme alizaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844, binti wa Sultani Sayyid Said. Zama zile wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Yeye akajifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwambieni mgeni habari ya mfupa huo kabla ya habari ya mapenzi, kwa sababu mapenzi anayajua tayari, ameyasoma hotelini: Mjerumani Heinrich Ruete, safari ya usiku mwaka 1866, ubatizo Aden, ndoa, Hamburg, ujane. Bila ya ule mfupa wa ngamia tusingekuwa na kumbukumbu alizochapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, na bila ya hizo tungejua machache sana kuhusu maisha ya ndani ya kasri, vyakula, mavazi, ugomvi wa ndugu, maradhi, na jinsi wanawake walivyopitisha siku.

La pili ni lile la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, Shangani, lililofunguliwa Novemba 2019. Farrokh Bulsara alizaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa familia ya Kiparsi, watu wa dini ya Zoroasta waliotokea India. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Mtoto akapelekwa shule India, akarudi kijana, na mwaka 1964 familia ikaondoka kwenda Uingereza. Najua wapo miongoni mwetu wasiopenda kuwa na makumbusho yake, na sitawabishia leo. Nitasema tu kwamba mgeni anayekuja kwa ajili yake anakuja na mapenzi ya kweli, na mtu aliyekuja na mapenzi husikiliza. Mkimweleza Waparsi walikuwa nani katika mji huu, waliishi mitaa gani, hekalu lao la moto lilikuwa upande gani, atawafuata. Hiyo ndiyo nafasi yenu.

Lakini yatazameni makumbusho haya mawili kwa pamoja. Salme aliondoka 1866. Akina Bulsara waliondoka 1964. Nyumba zote mbili zinasimulia Zanzibar kwa jicho la aliyepanda chombo akaenda. Sisemi kuondoka si historia yetu. Kisiwa hiki kimejengwa na watu wa kuja na kuondoka. Inasimuliwa kwamba Salme alizikwa Ujerumani pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja, na kila nikilisikia hilo moyo unanilegea. Ninachouliza ni hiki: je, waliobaki? Waliopika chakula ambacho Salme alikitamani hadi uzeeni? Walioamka asubuhi ya tarehe 13 Januari 1964, siku iliyofuata Mapinduzi, na kuendelea kuishi hapahapa? Wao nyumba yao ya makumbusho iko wapi?

Salme alirithi shamba baada ya baba yake kufariki mwaka 1856. Shamba lile lililimwa na watumwa. Na katika kitabu chake aliutetea utumwa wa kwao mbele ya wasomaji wa Ulaya. Aliandika hivyo kwa mkono uleule uliojifundisha juu ya mfupa. Mgeni akitoka Hurumzi bila kuambiwa hilo, ametoka na nusu ya mtu. Kutoka Hurumzi hadi Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nakuombeni msiuache mkono wa mgeni katikati ya njia hiyo. Mtu aliyetoka kumpenda Salme ndiye hasa anayefaa kuingia Mkunazini.

Na hapa Mkunazini nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye maonyesho yenye nguvu kuliko yote tuliyonayo, na ndipo tunapokosea zaidi.

Soko lilikuwa pale. Hilo halina shaka. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa, soko likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana palepale. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu watano, kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998, na minyororo waliyofungwa shingoni ni minyororo halisi. Mwaka 2016 pakaongezwa ukumbi wa maonyesho wenye maelezo ya biashara ya utumwa ya Afrika Mashariki. Ni maonyesho mazuri, yanasomeka, hayapigi kelele. Wageni wengi hupita haraka kwa sababu wanataka kushuka chini.

Chini kuna vyumba viwili vyenye dari fupi, chini ya jengo lililotumiwa na misheni. Mgeni anainama, anakaa juu ya kibaraza cha mawe, mwanga unaingia kwa mpasuko mwembamba, na mtembezaji anamwambia: hapa walifungiwa watumwa, idadi kadhaa, siku kadhaa, bila maji. Mgeni analia. Nimewaona wakilia. Lakini wapo wanahistoria wanaotia shaka kwamba vyumba vile vilifungia watumwa kabisa. Wanasema jengo lile ni la misheni, lilisimamishwa baada ya soko kufungwa. Tumechukua mahali pa kweli, penye mateso ya kweli, tukayaegemeza machozi ya mgeni kwenye kitu ambacho huenda si cha kweli. Akirudi kwao akasoma kidogo, akaona shaka hiyo, ataanza kutilia shaka na soko lenyewe. Hasara hiyo haina wa kuilipa.

Hili ndilo jambo la kuangalia katika maonyesho yote mapya ya kumtia mgeni ndani ya tukio. Siku hizi duniani kuna vyumba vya giza ambamo picha hutembea ukutani na sakafuni, miwani ya kuvaa ukajiona uko jahazini, sauti za mawimbi na harufu ya karafuu ikipulizwa. Yatafika kwetu pia, na mengine yatavutia. Kadiri mwili wa mgeni unavyoguswa, ndivyo akili yake inavyopunguza kuuliza. Ukimwambia mtu jambo la uongo kwa maneno, atakuuliza umelitoa wapi. Ukimlaza kwenye giza akalihisi, haulizi tena. Kwa hiyo aliyemtia mgeni gizani ana deni kubwa zaidi la ukweli kuliko aliyeandika bango.

Mkishuka naye pale, semeni hivi: "Soko lilikuwa hapa juu, hilo tunalijua. Chumba hiki kinatumika kutufundisha walivyofungiwa, lakini wanahistoria hawakubaliani kama ndimo walimofungiwa." Mtaona kwamba mgeni hapungukiwi kitu. Ataanza kuuliza maswali ambayo hamjawahi kuulizwa. Na swali la kwanza huwa: baada ya soko kufungwa, watu wale walikwenda wapi?

Jibu la swali hilo liko ng'ambo ya barabara.

Soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa hadi mwaka 1897, na masuria hawakuguswa na sheria hadi 1909. Miaka ile ndiyo watu waliotoka mashambani walipoanza kuingia mjini kwa wingi kutafuta maisha, na hawakuingia Shangani wala Hurumzi. Walijenga ng'ambo ya mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga mji wa mawe na kisiwa, na mitaa yao ikaitwa Ng'ambo. Walijenga kwa miti, udongo na makuti, na baadaye wengine wakaezeka kwa madebe ya mafuta yaliyokunjuliwa na kunyooshwa. Mbele ya nyumba wakaweka baraza, kama wenye majumba ya mawe. Wakavaa kanga, wanawake wakavaa buibui, mavazi yaliyotangaza kwamba aliyeyavaa si mtumwa wa mtu. Mkono ule wa bahari ukafukiwa kidogo kidogo katika karne ya ishirini mpaka ukawa barabara, na leo mgeni anauvuka pale Darajani akidhani amevuka barabara tu.

Siti binti Saad alitoka Fumba akaingia mjini mwaka 1911, mtoto wa ukoo uliopitia utumwa, mwuza vyungu. Akaishi Ng'ambo. Akaimba taarab kwa Kiswahili, wakati taarab ya kasri ilikuwa ya Kiarabu, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi sahani za santuri. Mwaka uleule wa 1928 watu wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Mgomo wa watu waliojenga nyumba zao wenyewe juu ya ardhi ambayo wengine walidai ni yao. Nyimbo za Siti na wenzake zilizungumza habari za mahakama, za matajiri, za wanawake waliodhulumiwa, na zilipigwa kwenye mabaraza yaleyale. Niambieni kama hilo haliwezi kumshika mgeni! Mnaye mwimbaji, mnazo sauti zilizohifadhiwa kwenye sahani, mnao mgomo, mnayo mitaa ambayo bado ina majina yaleyale. Msanii wa maonyesho wa Ulaya angelipa fedha nyingi kupata robo ya hayo.

Kisha ikaja 1964. Kituo cha redio cha Raha Leo, kilichotangaza Mapinduzi, kiko Ng'ambo. Kisiwandui, alikouawa Mzee Karume tarehe 7 Aprili 1972 na ndiko alikozikwa, ni Ng'ambo. Na Michenzani ni Ng'ambo. Serikali ya Mapinduzi ilikuwa ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani wale wakaleta wahandisi na michoro. Nyumba za udongo zikabomolewa, mahandaki yakachimbwa, wananchi wakaenda kubeba mawe na mchanga kwa kujitolea, wengine kwa hiari ya moyo na wengine kwa sababu asiyefika aliulizwa. Majumba yakainuka, marefu, yamekutana kwa mikono minne pale kwenye mzunguko, ambapo sasa upo mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi. Waliovunjiwa nyumba zao walipewa fleti. Mpango ulikuwa mkubwa kuliko kilichojengwa.

Wako wageni wanaopita Michenzani ndani ya gari wakielekea Nungwi, na dereva hawaambii neno. Nimeshawahi kumsikia mmoja akiambiwa, "Hapa hakuna kitu, tunaelekea pwani." Hapa hakuna kitu! Mahali ambapo historia nzima ya karne ya ishirini ya kisiwa hiki imesimama kwa zege.

Berlin, kando ya mto Spree, kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2006 yanayoonyesha maisha ya kila siku ya Ujerumani ya Mashariki. Ndani yake wametengeneza fleti ya jengo la zege la zama zile. Mgeni anaingia, anakaa kwenye kochi, anafungua kabati la jikoni, anavuta saraka na kukuta vyombo, anawasha televisheni ya zamani. Watu kutoka pembe zote za dunia hupanga foleni na kulipa ili wakae kwenye sebule ile. Nchi iliyojenga nyumba za aina ile haipo tena tangu mwaka 1990, na sebule zake wameziunda upya ndani ya jumba la maonyesho. Ndugu zao wa ukoo wako hapa kwetu, si maigizo: majumba yaliyochorwa na watu wa nchi ileile, yana wakaazi, yana kanga zimeanikwa, yana watoto ngazini. Na ndani ya fleti zile Wazanzibari walifanya yao. Walikuna nazi kwa mbuzi kwenye sakafu ya zege, wakapikia makaa kwenye roshani, wakatandika mikeka penye vyumba vilivyopangwa kwa ajili ya meza na viti. Mhandisi alichora jiko. Mama akaamua jiko liko wapi. Hayo yanaonekana bado, ukikaribishwa.

Fleti moja. Ndiyo ninayoiomba. Fleti moja ya Michenzani, ya chini ili mzee na mwenye kiti cha magurudumu waingie, irudishwe kama ilivyokuwa miaka ya 1970: kitanda, redio, mkeka, mbuzi ya nazi, cherehani, picha ya Mzee Karume ukutani, vyombo vya bati, kadi za ugawaji wa chakula za miaka ile ya shida. Vitu hivi bado viko chini ya vitanda vya bibi zetu. Miaka kumi ijayo havitakuwepo.

Mjini Cape Town kuna mtaa ulioitwa District Six. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi iliutangaza kuwa wa Wazungu peke yao, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zikasawazishwa kwa matingatinga. Mwaka 1994 wenyewe waliofukuzwa wakafungua makumbusho ndani ya kanisa la zamani. Sakafuni wakaweka ramani kubwa ya mtaa uliokufa, na kila aliyewahi kuishi pale akaandika jina lake mahali nyumba yake iliposimama. Kitu chenyewe ndicho hicho, ramani na kalamu. Mtu anaingia mzee wa miaka themanini, anatafuta barabara yake kwa mguu, anaandika, anasimama hapo. Hakuna mashine iliyowahi kutengenezwa inayofanya kazi hiyo. Mwembetanga, Kikwajuni, Kisimamajongoo, Mlandege, Miembeni: nani bado anajua nyumba ipi ilisimama wapi kabla ya Michenzani? Wapo. Mnawaamkia shikamoo kila asubuhi.

Na kisiwani Robben, karibu na Cape Town hiyohiyo, wanaowatembeza wageni ndani ya jela ya zama za ubaguzi wamekuwa ni watu waliofungwa humo kwa siasa. Mgeni anasikiliza kwa namna nyingine kabisa anapojua kwamba mzungumzaji alilala ndani ya chumba anachokionyesha. Ndiyo maana sitaki fleti yetu iwe na mashine nyingi. Hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, umeme unakatika, na fundi wa miwani ya kidijitali hayupo mtaani. Skrini ikizimika, makumbusho yamekufa. Nataka kiti, na juu yake mama au mzee aliyehamia Michenzani akiwa kijana, analipwa mshahara kama mtaalamu anavyolipwa, si posho ya kumshukuru. Sauti za Siti zisikike kutoka redioni. Ramani iwe sakafuni. Inatosha.

Sasa yapo mambo ya kuogopa, na nitayasema waziwazi kwa kuwa nimeyaona kwengine. Mgeni kuletwa kuangalia "maskini wanavyoishi" ni dhuluma, na hakuna senti itakayoifuta. Ng'ambo si mahali pa kupiga picha nguo za watu zilizoanikwa, wala mtoto anayecheza, wala mlango wa mtu ulio wazi. Mkivuka na wageni, vukeni wachache, kwa miguu, mkitoa salamu kwa kila baraza mnayoipita, na sheha awe na habari. Muulizeni mwenye nyumba kabla ya kuonyesha nyumba yake kwa kidole. Fedha itakayopatikana iingie mtaani kwa njia inayoonekana: muuza kahawa, muuza urojo, msimuliaji, kamati ya mtaa. Na milango iwe wazi bure kwa mwanafunzi yeyote wa visiwa hivi. Makumbusho ambayo mtoto wa jirani hajawahi kuingia si ya mji, hata yakijaa wageni kila siku.

Njia yenyewe ipo tayari, hata kabla ya fleti. Anzeni Mkunazini na lile swali. Tokeni hadi soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, mwonyesheni mgeni kwamba amesimama kwenye ukingo wa maji ya zamani. Vukeni. Piteni Kisiwandui, mkasimame kwa heshima. Ingieni Michenzani hadi kwenye mzunguko, mtazame mikono minne ya majumba. Malizieni Raha Leo. Ni asubuhi moja, jua halijawa kali. Ngome Kongwe, Forodhani, Changuu na kobe wake, hayo yote mgeni atayapata kwa yeyote. Hata bila yenu atayafika.

Mnaopokea vyeti leo, kazi nimekuleteeni. Masheha wawili waliopo hapa wamekubali kutupokea katika shehia zao. Kila mmoja wenu amtafute mzee mmoja wa Ng'ambo, akae naye, amrekodi kwa simu baada ya kumwomba ruhusa, na amwulize haya: ulizaliwa mtaa gani, nyumba yenu ilikuwa na nini mbele yake, nani alikuwa jirani wa kulia na wa kushoto, ilivunjwa lini, ulibeba nini siku ya kuhamia fleti, na ulichokiacha ni nini. Mpeni nakala ya sauti yake yeye na wanawe, kabla hamjampa mtu mwengine yeyote. Akikataa jambo lisisikike, lisisikike.

Karatasi ya maswali iko kwenye meza karibu na mlango, na pembeni yake kuna ramani tupu ya Ng'ambo niliyoichora kwa mkono. Mwenye jina la kuandika, la bibi yake, la babu yake, la nyumba iliyovunjwa, kalamu ziko hapo, na mimi nipo mpaka Alasiri.

Ahsanteni sana.